Njia ya Maji

Dar es Salaam ilianzishwa na Sultani Majid bin Said katika miaka ya 1860, na mwaka 1891 Wajerumani wakaifanya makao ya serikali yao. Hesabu ya mwaka 1967 iliukuta mji una watu wasiofika 300,000. Hesabu ya mwaka 2022 iliukuta mkoa wake una watu zaidi ya 5,300,000. Wingi huo ulihitaji ardhi, na ardhi ilikuwa na mwenyewe wa kale, nayo ni maji.

Majina ya vitongoji yangali yakishuhudia hali ya kwanza. Mikocheni, katika Kinondoni, hukumbusha mikoche. Mkwajuni hukumbusha mkwaju. Na Mtoni, katika Temeke, hukumbusha mto Kizinga, ambao mji uliunywa kabla ya maji ya Ruvu Juu kufika mwaka 1959.

Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita mpakani mwa Ilala na Kinondoni hadi baharini. Mpango wa mji wa mwaka 1979 ulilihesabu bonde lake kuwa mahali pa hatari. Hata hivyo maskini walijenga humo, maana palikuwa karibu na Kariakoo, na aendaye kazini kwa miguu halipi nauli. Mchanga wa mito ulichimbwa ukajenga nyumba za mji, na taka za mji zikarudishwa mitoni.

Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa ilinyesha, na watu wapatao 40 wakafa. Baadhi ya walionusurika walipewa viwanja Mabwepande, mbali na riziki yao. Desemba 2015 nyumba za bonde la Mkwajuni zilibomolewa.

Lakini kosa halikuwa la maskini peke yao. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, yaliyoanza safari mwaka 2016, ilijengwa Jangwani, katika bonde lile lile, na mafuriko yakaiingia mara kwa mara. Fukara alijenga huko kwa kukosa pengine. Wenye ramani walijenga huku wakijua.

Maendeleo ni haki ya watu, wala hapana mwenye akili awezaye kuwataka warudi gizani. Walakini sharti mto uachiwe njia yake kabla ya nyumba kuhesabiwa. La sivyo, gharama yake italipwa kwanza na yule aliyefaidi kidogo kuliko wote.