Mkono Uliosahau Kazi Yake

Mtu asafiriye kutoka Karatina kwenda Nyeri mjini huiona nchi iliyokunjamana kama nguo isiyopigwa pasi: kilima, bonde, mto, kisha kilima kingine. Nyumba ziko juu, maji yako chini, na michai na mibuni imeshikilia mteremko. Mwenye miguu mizima huhema apandapo milima hii. Sembuse yule ambaye upande mmoja wa mwili wake umepooza? Swali hilo ndilo lililonivuta niichungue historia ya kiharusi. Sikusudii kusimulia jinsi watu walivyougua, kwa maana hayo yanajulikana. Nataka kusimulia jinsi walivyorudi.

Kiharusi hutokea damu inapokoma kufika katika sehemu ya ubongo, ama kwa kuwa mshipa umezibwa na donge la damu, ama kwa kuwa umepasuka. Msukumo mkubwa wa damu, ambao wengi wetu huuita presha, ndio chanzo kikuu. Ubongo wa kushoto huamuru mwili wa kulia, na wa kulia huamuru wa kushoto. Kwa hiyo mkono huwa mzima, nyama na mifupa yake haina kasoro, ila anayeuamuru amenyamaza. Mwaka 1658 Johann Jakob Wepfer, mganga wa mji wa Schaffhausen katika Uswisi, alieleza jinsi alivyopasua maiti za watu waliokufa kwa maradhi haya akakuta damu imevuja ndani ya ubongo. Hata hivyo, watafiti waliouliza watu wa Dar es Salaam karne hii wamewakuta wengi wakisema kwamba ni kazi ya mashetani. Tusiwacheke. Mtu alale mzima, aamke mdomo umepinda na ulimi umefungwa: nani asingemtafuta adui?

Kujua chanzo hakukuleta dawa. Tarehe 19 Oktoba 1868 Louis Pasteur, mwanasayansi mashuhuri wa Ufaransa, alipatwa na kiharusi akiwa na umri wa miaka 45, akapooza upande wa kushoto. Waganga wake walimbandika ruba ili wamnyonye damu. Hiyo ndiyo tiba iliyokuwapo. Lakini mwezi wa Januari uliofuata alikwisha safiri kwenda kusini mwa nchi kuendelea na uchunguzi wake wa nondo wa hariri. Mkono wake wa kushoto haukurudi kuwa kama zamani, na alichechemea maisha yake yote. Nayo chanjo ya kichaa cha mbwa, iliyolifanya jina lake lisisahaulike, aliitumia kwa mtu mwaka 1885, miaka 17 baada ya kupooza. Hapa kwetu pia wanahistoria wameandika kwamba Mzee Jomo Kenyatta alipatwa na kiharusi mwezi wa Mei 1968, naye akaendelea kuitawala nchi hadi alipofariki mwaka 1978. Je, watu hawa walipona, au hawakupona? Tukiutazama mkono wa Pasteur peke yake, jibu ni moja; tukiitazama kazi yake, jibu ni jingine.

Kwa muda mrefu waganga waliutazama mkono. Waliamini kwamba ubongo wa mtu mzima ni kama chungu kilichokwisha kuchomwa: kikivunjika, hakifinyangwi tena. Basi mgonjwa alilazwa na kuachwa. Kumbe kule kulala kwenyewe kulikuwa maradhi ya pili: viungo vilikakamaa, ngozi ikafanya vidonda, mapafu yakajaa. Kilichoubadilisha mwendo huo kilikuwa vita. Vijana walirudi kwa maelfu wakiwa wamejeruhiwa, na hakuna serikali iliyoweza kuwaacha kitandani miaka 50. Mwaka 1944, katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, Dakta Ludwig Guttmann alianza kuwafanyisha kazi na michezo askari waliovunjika uti wa mgongo, na somo lile likawafikia polepole wazee wa kiharusi nao.

Mwaka 1965 wanawake wawili wa Maryland, Marekani, daktari Florence Mahoney na mtaalamu wa mazoezi ya viungo Dorothea Barthel, walichapisha kipimo ambacho sisi walimu tutakielewa upesi, kwa sababu ni mtihani wenye alama 100. Maswali yake ni 10, na hakuna hata moja liulizalo juu ya ubongo. Je, mgonjwa aweza kula mwenyewe? Kuoga? Kuvaa nguo? Kuzuia haja? Kutoka kitandani hadi kitini? Kutembea? Kupanda ngazi? Ningependa kuliongeza swali moja la kwetu: aweza kuchutama? Maana choo cha shimo hakina kiti.

Lakini kisa kinistaajabishacho kuliko vyote ni cha mwalimu. Mwaka 1959 Pedro Bach-y-Rita, mwalimu wa chuo katika New York, alipooza nusu ya mwili, na usemi ukampotea. Mwanawe George alikuwa akisomea udaktari katika Meksiko, wala hakujua bado kwamba jambo haliwezekani. Akamfundisha baba yake kutambaa kama mtoto mchanga, bega likiegemea ukuta. Akamchezesha gololi sakafuni. Akampa masufuria ayasugue kwa mkono ule ule mgonjwa. Baada ya mwaka mmoja hivi mzee alikuwa amerudi darasani. Alifariki mwaka 1965 kwa ugonjwa wa moyo, naye alikuwa akipanda mlima katika Kolombia! Ubongo wake ulipochunguzwa, jeraha lilikuwapo vile vile, kubwa, halikupona. Sehemu zilizosalia ndizo zilizojifunza kazi ya zile zilizokufa. Mwanawe mwingine, Paul, alitumia maisha yake ya sayansi kulichunguza jambo hilo.

Hospitali za misheni za mlima wetu, kama Tumutumu, Mathari, na Chogoria iliyoanzishwa mwaka 1922 na Dakta Clive Irvine, zilianza katika enzi ambayo watu waliogopa zaidi homa na vifo vya uzazi. Leo wataalamu wa mazoezi ya viungo wapo katika hospitali kubwa za Nyeri, Embu na Meru. Lakini mazoezi hutakiwa kila siku, na nauli haipatikani kila siku. Kwa hiyo kazi iliyo kubwa hufanyika nyumbani.

Nyumbani ndiko tulikokosea sisi. Nyanya yangu alipopooza mkono na mguu wa kulia, tuliambiwa apumzike tu, nasi tukatii kwa heshima zote. Tulimlisha kwa kijiko, tukamvisha, tukambeba. Nani angethubutu kumwambia mzee ajivalishe? Miezi minne ikapita, na mkono ukazidi kukunjamana kifuani. Kisha mtaalamu mmoja kijana alifika, akakitazama kijiko mkononi mwa shangazi yangu, akasema kwa upole, “Mama, kijiko hicho ni cha nani?”

Tangu siku ile chai yake ilitiwa nusu kikombe, akaishika mwenyewe kwa mikono miwili. Aliimwaga sana, na mara nyingine alilia, na shangazi akatoka nje ili asimwone akilia. Kuandika jina lake hakuweza tena. Ngazi hakupanda, kwa kuwa hatukuwa nazo. Ila mwaka ulipokwisha alikuwa akishuka kwa fimbo mteremko wa kwenda chooni, hatua 40, nasi tukimfuata kwa mbali ili asidhani kwamba tunamlinda.