FDC: Chuo unachorudia sekondari huku unajifunza ushonaji, na mtoto yupo hapohapo

Mtu aliyeacha shule kidato cha pili akakaa mtaani miaka minne, kwa kawaida huambiwa achague moja. Arudi darasani akasake cheti cha kidato cha nne, au asahau hayo na aende kujifunza ufundi. Tanzania kuna vyuo vya serikali ambavyo unaweza kufanya vyote viwili kwenye eneo moja, na bado watu wengi hawavijui.

Ni Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi. Mtaani na hata maofisini vinaitwa FDC. Viko 54 Tanzania Bara, vingi wilayani na siyo mijini. Kuna cha Newala, Tarime, Kasulu, Ifakara, Njombe, Kisarawe na kwingineko.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi siyo Vyuo vya Maendeleo ya Jamii. Hivi vya Jamii, kama Rungemba au Buhare, vinafundisha maofisa wa maendeleo ya jamii, na ili uingie unatakiwa uwe na ufaulu wa kidato cha nne. FDC inampokea hata aliyeishia darasa la saba. Majina yanafanana mno, na kuna watu wanapeleka maombi kusiko.

Vilitoka wapi

Wazo lilikuja na Mwalimu Nyerere baada ya kuona vyuo vya wananchi nchini Sweden, ambako watu wazima walikuwa wanasoma kwa ajili ya maisha yao na siyo kwa ajili ya mtihani. Hapa nchini vilianza mwaka 1975, Sweden ikisaidia fedha na mafunzo ya walimu. Kijiji kilikuwa kinachagua mtu wake, anakwenda kujifunza useremala, uashi au kilimo, kisha anarudi kutumikia kijiji. Hakukuwa na mitihani ya taifa wala mbio za vyeti.

Hilo limebadilika, na pengine ilibidi. Mwajiri wa leo anataka karatasi. FDC sasa ziko chini ya Wizara ya Elimu, na kozi nyingi za ufundi zinafuata mitaala ya VETA.

Upande wa ufundi

Kozi zinatofautiana chuo hadi chuo, lakini zinazokutwa sehemu nyingi ni ushonaji, umeme wa majumbani, uashi, useremala, ufundi magari, uchomeleaji, mapishi, kilimo na mifugo, na kompyuta.

Kozi ndefu inakupeleka kwenye cheti cha NVA, chenye ngazi ya 1 hadi ya 3. Hiki ndicho kinachotambulika nchi nzima. Kozi fupi, za wiki au miezi kadhaa, mara nyingi zinaishia na cheti cha ushiriki kinachotolewa na chuo chenyewe. Siyo kibaya. Kama unachotaka ni kujua kukata sketi na kufungua kibanda chako, inatosha kabisa. Ila ukija kuomba kazi kwenye kampuni inayotaka NVA, cheti cha ushiriki hakitakubeba. Uliza kabla ya kulipa: mwisho wa kozi hii napata cheti gani, na kinatolewa na nani?

Swali la pili linahusu vifaa. Fundi hafundishwi ubaoni. Omba uoneshwe karakana, uangalie kama vyerehani vinafanya kazi na wanafunzi wangapi wanagawana kimoja. Chuo kizuri hakitakasirika.

Upande wa sekondari

Hapa ndipo kuna habari kubwa. Kupitia mpango unaoitwa Elimu Haina Mwisho, unaoendeshwa na shirika la Karibu Tanzania kwa kushirikiana na FDC, wasichana walioacha sekondari kwa sababu ya ujauzito au ugumu wa maisha wanasoma masomo ya sekondari kwa miaka 2 badala ya 4. Humohumo wanajifunza fani moja ya ufundi, ujasiriamali na stadi za maisha.

Na wanakwenda na watoto. Vyuo vimeweka vituo vya malezi, kwa hiyo mama akiwa kwenye hesabu, mtoto yuko umbali wa hatua chache anacheza na wenzake. Kwa asiyewahi kulea inaonekana jambo dogo. Kwa binti ambaye nyumbani hakuna wa kumwachia mtoto, ndilo linaloamua kama atasoma au hatasoma.

Mwezi Novemba 2021 serikali ilitangaza kwamba wasichana waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaweza kurudi kwenye shule za kawaida. Je, FDC bado ina kazi? Inayo, tena kubwa. Mwenye miaka 20 na mtoto mgongoni haoni raha kuvaa sare na kukaa dawati moja na watoto wa miaka 14. FDC anakaa na wenzake.

Njia ya mtihani iko hivi. Ambaye hakufaulu upimaji wa kidato cha pili anaanza na Mtihani wa Maarifa, maarufu kama QT. Akifaulu, anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mitihani yote miwili inasimamiwa na NECTA na hufanyika Novemba. Tatizo ni usajili: unafungwa miezi mingi kabla. Anayekuja kushtuka Agosti ameshachelewa, anasubiri mwaka mwingine. Kwa mwenye mtoto, mwaka mmoja unaweza kuwa ndio mwisho wa safari.

Cha kufanya

Mahali pa kuanzia ni chuo chenyewe, kwa kufika au kupitia ofisi ya mtendaji wa kata au ya elimu wilayani. Uliza gharama zote: ada, chakula, bweni, vifaa vya fani na ada ya mtihani. Mwombaji asiishie kuuliza ada tu, maana cherehani au sanduku la vifaa vya umeme linaweza kuzidi ada yenyewe.

Kama una matokeo ya darasa la saba, cheti cha kuzaliwa au namba ya mtihani wa kidato cha pili, nenda navyo. Vikiwa vimepotea, nenda hivyohivyo ukaeleze.