Kabla ya kununua kitabu cha mafanikio, mjue aliyekiandika

Mnamo mwaka 1845, vijana wa kazi za mikono katika mji wa Leeds, kaskazini mwa Uingereza, walikuwa wakitafuta mahali pa kukutania jioni. Walianza wawili watatu, wakifundishana kusoma, kuandika na hesabu, anayejua akimsaidia asiyejua. Walipokaribia mia moja walihitaji nafasi kubwa, na nafasi waliyoimudu ilikuwa chumba kilichowahi kutumika kuwalaza wagonjwa wa kipindupindu. Hakuna mpangaji aliyekitaka. Wao wakakichukua, kisha wakamwendea Samuel Smiles, Mskoti aliyesomea udaktari na kuwahi kuhariri gazeti la Leeds Times, wakamwomba aje azungumze nao kidogo.

Mazungumzo hayo ndiyo yaliyozaa Self-Help, kitabu ambacho vitabu vyote vya kujiendeleza vinavyotandazwa leo kwenye vibaraza vya Dar es Salaam na Nairobi ni wajukuu zake, watake wasitake.

Smiles hakuwapa vijana wale kanuni saba wala siri kumi. Aliwapa visa vya watu. Kimojawapo ni cha Bernard Palissy, mfinyanzi Mfaransa wa karne ya 16, aliyehangaika miaka mingi kutafuta namna ya kuvipaka vyombo vya udongo rangi nyeupe ing'aayo. Siku moja kuni zilimwishia wakati tanuri bado halijapata joto la kuiyeyusha rangi. Akang'oa uzio wa bustani na kuuchoma. Haikutosha. Akaingia ndani, akavunjavunja meza na viti, navyo akavitia motoni, huku mkewe na watoto wakitoka mbio mjini wakipiga kelele kwamba mzee amerukwa na akili. Rangi ikayeyuka. Smiles anamsifu Palissy kwa moyo wake wote. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki namfikiria zaidi yule mama aliyebaki bila kiti, ambaye hakuna mwandishi wa vitabu vya mafanikio aliyewahi kumpa sura yake.

Kukichapisha kitabu hicho kulikuwa na kazi yake. Mwaka 1855 kampuni ya Routledge ya London iliukataa mswada. Smiles akauweka kando, akaandika kwanza maisha ya George Stephenson, mhandisi wa reli, nacho kikauzwa vizuri. Ndipo mwaka 1859 akaitoa Self-Help kwa gharama zake mwenyewe, haki zikibaki mikononi mwake, huku mchapishaji John Murray akilipwa kamisheni. Mwaka huohuo Murray alitoa pia kitabu cha Charles Darwin kuhusu asili ya viumbe. Cha Smiles kiliuzwa nakala 20,000 ndani ya mwaka wa kwanza, na alipofariki mwaka 1904 zilikuwa zimepita robo milioni. Inasimuliwa kwamba miaka mingi baadaye bwana Routledge alikaa naye mezani kwenye karamu, akamwuliza ni lini watapata heshima ya kumchapishia. Smiles akamjibu kwamba heshima ya kumkataa wameshaipata.

Kitabu hicho kilisafiri mbali. Nakamura Masanao, msomi wa Kijapani aliyekuwa London akiwasimamia wanafunzi waliotumwa na utawala wa shogun, alipewa nakala na rafiki yake Mwingereza mwaka 1868, wakati utawala huo ulipoanguka na ikambidi arudi nyumbani. Alikisoma melini njia nzima. Tafsiri yake ya mwaka 1871 ilienea Japani nzima, ikasomwa hata shuleni. Miongoni mwa waliokisoma ni kijana wa kijijini aitwaye Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1867. Katika kurasa zile mlikuwa na masimulizi marefu ya watu waliobuni mashine za kusokota na kufuma: Arkwright, Heathcoat, Jacquard. Toyoda naye akaanza kuhangaika na mashine za kufumia nguo, akazibomoa na kuzijenga upya miaka nenda miaka rudi.

Mwaka 1929, miaka 70 baada ya kitabu kutoka, kampuni ya Platt Brothers ya Oldham, Uingereza, ilinunua kwake haki za kutengeneza mashine yake ya kujiendesha. Yaani Waingereza walikwenda kwa Mjapani kununua maarifa ambayo yeye aliyaonjea kwanza katika kitabu chao. Mwanawe, Kiichiro, aliigeukia kazi ya magari, na mwaka 1937 ikaanzishwa kampuni ya Toyota, ile ambayo gari zake zimejaa barabara zetu. Nakala ya Self-Help imewekwa ndani ya kioo kwenye makumbusho yaliyoko alikozaliwa Sakichi. Sidhani kuna kitabu kingine cha aina hii kinachoweza kuonyesha tunda kubwa kiasi hicho.

Hata hivyo Smiles hakufurahi na kila alichokivuna. Katika dibaji ya toleo la mwaka 1866 alilalamika kwamba waliokihukumu kitabu kwa jina lake tu wamekidhania kinasifia ubinafsi. Malalamiko yake yana haki. Wale vijana wa Leeds hawakujiinua mmoja mmoja. Walichangiana chumba na maarifa. Lakini kosa ni lake pia, kwa sababu kurasa zake zimejaa mashujaa wa peke yao, na chumba kile kimebaki kwenye utangulizi tu.

Wakati Smiles anahangaika na wachapishaji wa London, pwani yetu ilikuwa na utaratibu wake wa zamani wa kuwausia vijana. Mwana Kupona binti Msham, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa beti 102 mnamo mwaka 1858, yeye mwenyewe akiwa mgonjwa. Ndani yake mna dini, adabu, usafi na namna ya kuishi na watu. Msomaji wa leo atagomea baadhi ya anayoyasema kuhusu mke na mume, na ana haki ya kugomea. Ila hatasumbuka kujua mtunzi alikuwa nani, alimwandikia nani, na alitaka nini kwake. Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert alifuata njia hiyohiyo alipomtungia bintiye Utenzi wa Hati na mwanawe Utenzi wa Adili.

Mambo yalibadilika Marekani. Dale Carnegie, mtoto wa mkulima wa Missouri, alianza mwaka 1912 kufundisha watu wazima kuzungumza mbele ya hadhara katika YMCA ya New York. Wenye jengo hawakukubali kumpa mshahara wa dola mbili kwa usiku, hivyo akafanya kazi kwa asilimia ya mapato. Darasa likichosha, watu hawarudi, naye halipwi. Kitabu chake cha kupata marafiki na kuwavuta watu, cha mwaka 1936, kilitokana na zaidi ya miaka 20 ya kazi ya namna hiyo. Waweza kumshutumu kwa kufundisha tabasamu la biashara, lakini huwezi kusema hakuyajaribu anayoyafundisha.

Mwaka uliofuata akaja Napoleon Hill na Think and Grow Rich, na hapa naomba msomaji awe macho. Hill alidai kwamba mwaka 1908 tajiri wa chuma Andrew Carnegie, asiye na undugu na Dale, alimpa kazi ya kuwahoji matajiri wa Marekani na kutoa kanuni yao. Tajiri huyo alifariki mwaka 1919, kwa hiyo hakuwepo wa kukanusha wala kuthibitisha. David Nasaw, aliyepekua nyaraka na kuandika wasifu wake mkubwa, hakukuta ushahidi kwamba wawili hao walikutana. Hill mwenyewe alipita katika biashara nyingi zilizokufa. Utajiri wake ulitokana na kuwafundisha wengine kutajirika, na hicho ndicho kitabu kinachonukuliwa na wahamasishaji wetu kuliko vyote.

Hill si wa mwisho. Rich Dad Poor Dad cha Robert Kiyosaki, cha mwaka 1997, kilizaliwa kama njia ya kuutangaza mchezo wa ubaoni uitwao Cashflow aliokuwa akiuuza, na kuhusu huyo baba tajiri wengi wamejiuliza kama alikuwa mtu kweli. Zipo ndani yake hoja nzuri kuhusu madeni na mali. Lakini anayekisoma ajue kwamba ameshika tangazo lenye hoja nzuri.

Stephen Covey, aliyetoa kitabu chake cha tabia saba mwaka 1989, alisoma maandishi ya Kimarekani ya miaka 200 kuhusu mafanikio, akaona kwamba ya zamani yalijenga juu ya tabia ya mtu, na ya miaka 50 ya mwisho yakahamia kwenye haiba na mbinu. Nakubaliana naye, ingawa kampuni yake nayo iliuza semina nyingi na madaftari mengi ya kupangia siku.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya muuza vitabu, liache jalada. Fungua ukurasa unaomweleza mwandishi, utazame alikuwa akila kwa kazi gani kabla ya kitabu hicho, na kama kurasa za mwisho zinakupeleka kwenye semina ya kulipia. Tazama kama watu anaowataja wana majina, miji na miaka, au ni "rafiki yangu mmoja tajiri" tu. Na kama fedha ni kidogo, Self-Help haina tena mwenye haki, inapatikana bure mtandaoni kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, anza na Maisha Yangu ya Shaaban Robert. Hakikuahidi utajiri.