"Alien": kwa nini watazamaji bado wanabishana nani adui

Kuna filamu zinazokwisha pale taa ya kibanda inapowashwa, na kuna zile ambazo watu hutoka nazo nje wakiendelea kubishana njia nzima hadi nyumbani. "Alien" ni ya kundi la pili. Ni filamu ya kutisha ya anga za juu, na ina zaidi ya miaka 40. Hata hivyo, vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 nao wanaitazama kwa simu na kwenye vibanda umiza, na wanabishana kama walivyobishana wakubwa wao.

Katika makala haya tunaeleza filamu hiyo ni ipi, watazamaji wanatofautiana wapi, na kwa nini mtu wa Musoma, Bunda au Butiama anaweza kuona ndani yake jambo ambalo mtu wa mbali hulipita tu.

Tahadhari: tunataja mwisho wa hadithi. Kama hujaitazama na unataka kushtuka mwenyewe, itazame kwanza, kisha urudi usome.

Filamu yenyewe kwa ufupi

"Alien" ilianza kuoneshwa Marekani tarehe 25 Mei 1979. Kwetu huo ulikuwa mwaka wa vita: Kampala ilikuwa imeanguka tarehe 11 Aprili, wiki kama sita kabla, na vijana wengi wa Mara walikuwa jeshini Uganda. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni, na haikupata hadi miaka ya 1990. Kwa hiyo wengi wetu tuliijua filamu hii baadaye, kwa kanda za video, halafu kwa sidii, na sasa kwa simu.

Aliyeiongoza ni Ridley Scott wa Uingereza. Aliyeiandika ni Dan O'Bannon, na umbo la dubwana lilichorwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger. Filamu ina urefu wa karibu saa mbili, na ilipata tuzo ya Oscar kwa ufundi wake wa picha.

Hadithi inawahusu wafanyakazi saba walio safarini kurudi duniani. Chombo chao, Nostromo, kinavuta mzigo wa tani milioni 20 za mawe ya madini. Njiani kompyuta inawaamsha: kuna ishara inatoka kwenye sayari isiyokaliwa na watu. Wanashuka kuangalia. Mmoja wao, Kane, anarukiwa usoni na kiumbe kilichotoka kwenye yai. Baadaye kiumbe hicho kinabanduka, Kane anazinduka, anakaa mezani kula na wenzake. Hapo ndipo kitu kinapasua kifua chake na kutoka. Kinakua haraka, kinajificha ndani ya chombo, na kuanza kuwamaliza watu mmoja baada ya mwingine.

Steringi ni nani?

Kila aliyekulia kibandani anaijua kanuni: steringi hafi. Mtazamaji akishamtambua steringi, anatulia. Mengine ni kusubiri tu adui atakufaje.

Hapa ndipo "Alien" inapowakasirisha watu wengi. Ukianza kuitazama, unamchagua nahodha, Dallas. Ni kiongozi, ana ndevu, ana sauti ya amri. Lakini Dallas anachukuliwa na dubwana filamu ikiwa bado ndefu. Wapo wanaosema hilo ni kosa la mtunzi. Wengine wanasema hapo ndipo filamu inapoanza kutisha kweli, kwa sababu hujui tena nani yuko salama.

Anayebaki hai ni Ripley, mwanamke, aliyeigizwa na Sigourney Weaver. Wakati huo hakuwa na jina kubwa, hivyo hata watazamaji wa 1979 hawakuweza kumjua steringi kwa kuangalia tangazo la filamu. O'Bannon alikuwa ameandika kwamba kila nafasi katika hadithi ingeweza kuchezwa na mwanamume au mwanamke. Ndiyo maana Ripley hasubiri kuokolewa na mtu, wala haishi kwa sababu ya mapenzi. Anaishi kwa kuwa anafuata utaratibu na anafikiri.

Mlango ufunguliwe au usifunguliwe?

Ubishi mkubwa wa pili unahusu tukio moja fupi. Kane analetwa mlangoni mwa chombo akiwa na kiumbe usoni. Dallas, aliye nje naye, anaamuru mlango ufunguliwe. Ripley, ambaye ndiye mkubwa kwa walio ndani, anakataa: sheria inasema atengwe kwa saa 24, kwani wote wanaweza kufa. Ash, ofisa wa sayansi, anaufungua bila ruhusa.

Wapo wanaomwona Ripley kuwa hana utu. Mwenzako anakufa mlangoni, wewe unasoma sheria? Kwetu, mgonjwa hafungiwi mlango. Anabebwa, hata kwa machela ya miti, hata usiku.

Lakini ukanda wetu umejifunza kwa uchungu. Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa ugonjwa wa virusi vya Marburg mkoani Kagera, ng'ambo ya ziwa. Waliokuwa wamekaribiana na wagonjwa walifuatiliwa kwa siku 21. Kumtenga mgonjwa wa aina hiyo si kumtupa: anahudumiwa na watu waliovaa vifaa vya kujikinga, na familia yake inabaki hai kumpokea akipona. Kwa mtazamaji aliyepitia hayo, Ripley alikuwa sahihi, na kosa la Ash liliua chombo kizima.

Tena Ash hakukosea kwa huruma. Alifungua mlango kwa makusudi.

Dubwana au tajiri?

Baadaye Ripley anagundua siri. Ash si binadamu, ni roboti aliyewekwa humo na kampuni yenye chombo. Na kampuni ilikuwa imetoa agizo: kiumbe kiletwe, na wafanyakazi si lazima warudi. Mzigo kwanza, watu baadaye.

Hapo watazamaji wanagawanyika. Upande mmoja unasema adui ni dubwana, kwa kuwa ndilo linaloua. Upande mwingine unasema dubwana ni mnyama tu, linafanya kama chui anavyofanya. Adui ni aliyejua hatari akawatuma watu bila kuwaambia.

Sisi tunaona upande wa pili una hoja nzito, na ushahidi umewekwa tangu mwanzo wa filamu. Kabla dubwana halijaonekana, Parker na Brett, mafundi wa mitambo, wanalalamika kuhusu malipo: wenzao wanapata mgao kamili, wao nusu. Wanapokataa kushuka kwenye sayari ile, wanasomewa mkataba: asiyefuatilia ishara anapoteza mgao wote. Kwa hiyo hawakushuka kwa ushujaa. Walishuka kwa sababu ya pesa yao iliyokuwa mikononi mwa mwingine.

Mtu aliyewahi kuvua dagaa usiku kwenye mtumbwi wa tajiri anaelewa jambo hilo bila mtafsiri. Mafuta yanakatwa kwanza, gharama zinakatwa, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Upepo ukiwa mbaya na wewe una deni, unaingia majini. Mchimbaji mdogo wa Buhemba anayesubiri mgao wa viroba vya mawe naye anaelewa. Anashuka shimoni kwenye ufa aliouona jana, kwa sababu asiposhuka, nafasi yake inachukuliwa na mwingine.

Ndiyo maana tunasema filamu hii, ingawa ni ya anga za juu, inahusu kazi. Swali lake ni lile lile la mwaloni na la machimboni: nani anajua hatari, na nani anaibeba?

Inakwenda polepole mno?

Lawama hii ni ya kawaida. Karibu saa nzima inapita kabla mtu wa kwanza hajafa, na dubwana kubwa lenyewe linaonekana kwa dakika chache tu. Aliyezoea filamu za mapigano huona amepunjwa.

Sisi watu wa redio tunaitetea filamu hapa. Msikilizaji wa mchezo wa redio haoni kitu, lakini mlango ukilia anaogopa. "Alien" inatumia mbinu hiyo: maji yanayodondoka, minyororo inayogongana, kifaa kinacholia kwa kasi zaidi kadiri kitu kinavyokaribia. Unachokijaza mwenyewe gizani kinatisha kuliko unachooneshwa.

Hapo linakuja suala la watafsiri wa filamu. Tanzania ina historia ndefu ya kazi hiyo, na jina la Lufufu bado linakumbukwa. Kenya wana DJ Afro, na Uganda nako ni kazi kubwa. Mtafsiri mzuri huifanya filamu ieleweke kwa asiyejua Kiingereza, na huongeza utani. Lakini filamu hii inategemea kimya. Mtafsiri akizungumza mfululizo, kimya kinapotea na hofu inapungua. Wapo wanaopenda hivyo, kwani wanacheka badala ya kuogopa. Ni ladha, wala hatuwezi kumlaumu mtu.

Kuna pia wanaosema damu ile ni ya bandia. Damu ndiyo, lakini matumbo yaliyotumika katika tukio la kifua yalitoka buchani, na waigizaji hawakuambiwa damu itaruka kiasi gani. Mshtuko unaouona usoni mwao sehemu yake ni wa kweli.

Je, jambo kama hilo linawezekana?

Kiumbe kile hakipo. Lakini tabia yake ipo shambani kwako. Wako nyigu wanaotaga mayai ndani ya kiwavi. Vifaranga vyao humla kiwavi kutoka ndani, kisha hutoka.

Tena mmoja wa jamii hiyo ni rafiki yetu. Miaka ya 1970 na 1980 mdudu mweupe kama unga, kidung'ata wa muhogo, aliharibu mashamba katika nchi nyingi za Afrika. Watafiti, wakiongozwa na Mswisi Hans Herren, walileta kutoka Amerika Kusini nyigu mdogo sana anayetaga ndani ya kidung'ata huyo. Nyigu alisambazwa, na muhogo ukaokolewa. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Kwa binadamu, kinachotuingia kwa siri ziwani ni kichocho. Vimelea wake hutoka kwenye konokono, hupenya ngozi ya mtu aliye majini, hukua na kutaga mayai ndani ya mwili. Hakipasui kifua, lakini kikiachwa huharibu ini au kibofu. Tofauti na dubwana la filamu, kina dawa, na hospitali inayo njia ya kukipima.

Mtu aliyekuwa ndani ya dubwana

Jambo hili wengi hawalijui. Aliyevaa vazi la dubwana lile alikuwa Mwafrika: Bolaji Badejo, kijana wa Nigeria aliyekuwa akisomea usanifu London. Alikuwa na urefu wa karibu sentimita 208, mwembamba, mwenye mikono na miguu mirefu. Wakala wa filamu alimwona baa akampeleka kwa Ridley Scott, aliyekuwa akitafuta umbo ambalo mtazamaji hatadhani kuna mtu ndani yake. Vazi lilikuwa la joto na mkia ulimzuia kukaa kitini, hivyo alitengenezewa bembea maalumu ya kupumzikia.

Hakuigiza filamu nyingine. Alifariki Nigeria mwaka 1992, akiwa na miaka 39, kwa ugonjwa wa selimundu, yaani sikoseli.

Tunalitaja hili kwa sababu Kanda ya Ziwa ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye watoto wengi wanaozaliwa na ugonjwa huo. Mtoto anayevimba vidole vya mikono na miguu, anayelia kwa maumivu ya mifupa mara kwa mara, au mwenye macho ya njano, hajarogwa. Mpelekeni apimwe damu. Akigundulika mapema na kuhudhuria kliniki, anaweza kukua na kufanya kazi zake.

Watoto kibandani

Filamu hii si ya watoto. Ilipotoka, Uingereza iliiruhusu kwa watu wazima pekee. Hapa kwetu maonesho ya filamu yanasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na Bodi ya Filamu ndiyo inayokagua na kupanga filamu kwa umri. Mwenye kibanda anayemruhusu mtoto wa miaka saba aingie usiku kwa sababu ana shilingi mia mbili anavunja utaratibu. Mtoto wa umri huo hajui kuwa mtu yule hakufa kweli, na asubuhi ni mwalimu atakayemwona anasinzia darasani.

Mkubwa ukiitazama tena, jaribu jambo moja. Usimfuate dubwana. Wafuate Parker na Brett tangu dakika za mwanzo, usikilize wanavyouliza kuhusu mgao wao, na uangalie nani anawajibu. Kisha utuambie adui ni nani.