Umami Tuuite Ukolevu

Niliandaa mabakuli mawili ya rameni ya papo hapo, tambi za Kijapani zinazoiva kwa maji ya moto katika dakika tatu. Yote mawili hayakuwa na kitu chochote cha mnyama. Mchuzi wa kwanza ulinipa chumvi, kisha kimya. Wa pili, uliotokana na uyoga na mwani, ulibaki ulimini na kunitoa mate hata baada ya kuliweka bakuli chini. Kilichokuwamo katika bakuli la pili na kukosekana katika la kwanza Wajapani wanakiita umami.

Mfasiri mwenye haraka ataandika “utamu”, na msomaji atafikiria sukari. Mwingine ataandika “ladha ya nyama”. Hilo ndilo kosa kubwa zaidi, kwa sababu ladha hii haikutambuliwa kwenye nyama. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda wa Tokyo alichemsha kombu, mwani mkavu ambao Wajapani huutumia kutengenezea supu yao ya msingi, dashi, akapata humo glutamati, kiini cha ladha hii. Jina umami alilitoa kwenye neno umai, yaani kitu kitamu cha kupendeza mdomoni. Tangu siku ya kwanza, basi, umami ilikuwa na makao baharini, kwenye mwani. Ukiiita ladha ya nyama, bakuli langu la pili litakuwa muujiza usioelezeka.

Napendekeza ukolevu. Mpishi wa pwani akichota mchuzi wa maharage ya nazi, akaudondoshea kiganjani na kuulamba, husema “bado haujakolea”. Mara nyingi haongezi chumvi. Huongeza tui zito, au huacha nyanya na vitunguu viendelee kuiva mpaka vipotelee ndani ya mchuzi. Kukolea ni kuingia, kuenea na kufikia kiwango, na umami hufanya hivyo hivyo: haisimami mbele kama pilipili, bali huzishika ladha nyingine na kuzikalisha pamoja.

Kuna pingamizi la haki. Rangi hukolea, moto hukolea, chumvi nayo hukolea. Lakini tusikilize watu wanavyosema: “umekolea chumvi”, “umekolea nazi”, kila mara kilichokolea kinatajwa. Mchuzi ukisifiwa kwamba “umekolea” bila kutajwa kitu, inasifiwa ladha yote kwa ujumla. Jina ukolevu, likisimama peke yake katika habari za kuonja, linaweza kuibeba maana hiyo bila kumpoteza mtu.

Neno linafaa pia kwa sababu ya kemia yenyewe. Mtafiti Akira Kuninaka alionyesha kuwa gwanilati, ambayo imo kwa wingi katika uyoga mkavu wa shiitake, ikikutana na glutamati, ladha huongezeka kupita jumla ya zote mbili. Rameni ya papo hapo ya kwanza, aliyoitoa Momofuku Ando mwaka 1958, ilikuwa na ladha ya kuku. Anayemwondoa kuku leo hutegemea ndoa hiyo ya mwani na uyoga, pamoja na sosi ya soya, miso (soya iliyochachushwa na kupondwa) au dondoo ya hamira. Asiyekula cha mnyama asome pakiti vizuri: inosinati, kiongeza ladha kinachoandikwa E631, huweza kutoka kwa samaki au nyama, ingawa hutengenezwa pia kwa uchachushaji.

Kupima si kazi ngumu. Onja tambi tupu kwanza. Ule unjano na harufu yake ya pekee hutokana na kansui, chumvi za alkali zilizo ndugu wa magadi yetu ya kulainishia maharage. Kisha koroga nusu ya kifuko cha viungo, subiri mvuke upungue, maana ulimi ulioungua hauonji, onja, halafu malizia nusu iliyobaki. Ikiwa kilichopanda ni chumvi peke yake, ukolevu haumo. Ukiwamo, utausikia nyuma ya ulimi ukikawia baada ya kumeza.

Katika daftari langu bakuli la kwanza limeandikwa hivi: “Tambi nzuri, magadi kwa mbali, chumvi nyingi, ukolevu hafifu. Lingefaa kipande cha mwani.”