Utulivu wa Mburo Ulitoka Wapi?

Wazee wa Ankole husimulia habari za ndugu wawili, Kigarama na Mburo, waliokaa bondeni. Kigarama aliota ndoto ya hatari, akamwonya nduguye, kisha akahamia mlimani. Mburo alikataa kuondoka. Maji yakalijaa bonde, naye akazama. Ziwa likapewa jina la aliyezama, vilima vikapewa jina la aliyehama. Wageni wanaotembelea Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo husimuliwa hadithi hii kama burudani, lakini mimi naiona nzito zaidi ya hapo, kwa kuwa historia ya nchi ile ni historia ya watu kuhama na kuhamishwa.

Hifadhi iko mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Mbarara, karibu na barabara kuu iendayo Masaka na Kampala. Tembo hakuna, na simba waliangamizwa na watu, kwa hiyo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu akiongozana na askari wa wanyamapori. Huona pundamilia, nyati, pofu, viboko majini, na makundi ya swala pala, mnyama ambaye husemwa kuwa ndiye aliyeupa mji wa Kampala jina lake. Mtu aliyetoka katika msongamano wa soko la Mbarara, au katika vumbi la Base Camp kule Nakivale, huvuta pumzi na kuamini kwamba mahali hapa pamekuwa kimya hivi tangu dunia kuumbwa. Hapo ndipo ninapotofautiana na vipeperushi vya watalii. Ukimya huu una umri, na umri wake si mkubwa.

Kabla ya ukoloni, nyanda hizi zilikuwa malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Nshara, ambalo leo ni jina la lango mojawapo la hifadhi, palikuwa malisho mema ya ng'ombe wa Omugabe, mfalme wa Nkore. Hapakuwa pori tupu. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliangamiza ng'ombe wengi mno, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 mbung'o walienea. Ugonjwa wa nagana ukawafukuza wafugaji pamoja na mifugo iliyosalia. Mashamba ya nyasi yakageuka vichaka, na wanyamapori wakachukua nafasi. Serikali ya kikoloni ikaiangalia nchi iliyoachwa juzijuzi ikaiona kana kwamba haikuwahi kuwa na mwenyewe. Katika miaka ya 1930 ikaifanya eneo la uwindaji wenye udhibiti. Baadaye ikageuka: ili kuwamaliza mbung'o, ikafyeka vichaka na kuamuru wanyamapori wapigwe risasi kwa wingi. Swala waliouawa kwa amri ya serikali ile ndio mababu wa hawa ambao leo ukimgusa mmoja utafungwa.

Ni katika mazingira hayohayo ya ardhi iliyodhaniwa kuwa tupu ndipo Nakivale ilipozaliwa. Makazi yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, na vurugu za Rwanda za mwaka 1959 zilipowatoa Watutsi wengi nchini mwao, walielekezwa huku kusini mwa Mburo, kando ya ziwa jingine la bonde hilohilo. Serikali husema makazi. Wenyeji na wakimbizi wenyewe husema kambi, na neno la watu nadhani ndilo linaloeleza vizuri zaidi jinsi mtu anavyojisikia akiwa pale.

Sasa tuitazame miaka miwili inayofuatana, 1982 na 1983, maana ndiyo kiini cha insha hii. Mnamo Oktoba 1982, chini ya serikali ya pili ya Milton Obote, viongozi na vijana wa chama tawala katika Ankole waliwavamia watu wenye asili ya Rwanda, wakachoma nyumba na kuchukua ng'ombe. Makumi ya maelfu waling'olewa. Wengine walivuka mpaka kurudi Rwanda, wengine wakasukumwa ndani ya makazi ya wakimbizi, Nakivale ikiwamo, hata wale ambao hawakuwahi kuandikishwa kuwa wakimbizi. Mwaka uliofuata serikali hiyohiyo ikatangaza Mburo kuwa hifadhi ya taifa, na wafugaji na wakulima waliokuwa wamerudi humo wakafukuzwa bila fidia. Wahima wengi waliamini kwamba wanaadhibiwa kwa kudhaniwa kuwaunga mkono wapiganaji wa Museveni. Mwandishi wa historia ya uhifadhi huandika tukio la 1983, mwandishi wa historia ya wakimbizi huandika la 1982, na mara chache hukutana. Lakini kwa aliyekuwa na ng'ombe kati ya Sanga na Nakivale, hayo yalikuwa mambo ya mkono mmoja: huku watu wakiingizwa ndani ya mpaka, kule wakitolewa.

Serikali ile ilipoanguka, waliofukuzwa walirudi kwa hasira. Waliharibu majengo ya hifadhi na kuwaua wanyama wengi makusudi, ili pasibaki sababu ya kuwaondoa tena. Mtu anaweza kulaumu tendo hilo. Mimi naliona kuwa hoja ya kisiasa iliyosemwa kwa mkuki. Na ilisikika. Mwaka 1987 serikali mpya iliikata hifadhi na kuwarudishia watu sehemu kubwa ya ardhi. Katika miaka ya 1990 wahifadhi walianza kukaa vikao na vijiji jirani, na sheria ya wanyamapori ya 1996 ikaagiza asilimia 20 ya viingilio iende kwa jamii zinazopakana na hifadhi.

Kuna ushahidi mwingine, nao unaonekana kwa macho bila kufungua kitabu. Tangu ng'ombe waondolewe, migunga imezidi kusonga na kuzifunika nyasi, hata wasimamizi wa hifadhi wakalazimika kuing'oa. Mwaka 2015 waliletwa twiga 15 kutoka Murchison Falls, na miongoni mwa sababu zilizotolewa ni kwamba wangekula migunga hiyo. Pundamilia nao wengi hutoka nje ya mpaka kwenda kula katika ranchi, bega kwa bega na ng'ombe, kwa kuwa huko nyasi bado ni fupi na tamu.

Huko Nakivale, Watutsi wengi wa zamani walirudi Rwanda baada ya 1994, na nafasi zao zikachukuliwa na Wahutu, Wakongo, Warundi na Wasomali. Kiswahili kikawa lugha ya soko lao. Mto Rwizi, unaopita katikati ya Mbarara ukibeba taka za mji, ndio unaoyalisha maziwa yote mawili, Mburo na Nakivale. Mwaka 2006 maziwa hayo na vinamasi vyake yaliandikishwa pamoja, kama mfumo mmoja, chini ya Mkataba wa Ramsar.