Bohemia: Neno Lililohama Kutoka Barabarani Hadi Darini

Miongoni mwa istilahi ambazo uhakiki wa fasihi umezirithi kutoka Ulaya ya karne ya 19, "bohemia" ni mojawapo ya zile zinazotumiwa kwa wepesi mno. Aghalabu hutajwa kwa maana ya msanii asiyejali kaida za jamii: hana kazi ya kudumu, madeni yake hayalipwi, na kipaji chake ndicho mali yake pekee. Maana hiyo si potofu. Hata hivyo, ilichukuliwa kutoka kwa watu wengine, na ni wajibu wa mhakiki kuwakumbuka watu hao kabla ya kulitumia neno hilo kama sifa.

Asili yake ni kosa la kijiografia. Bohemia ni nchi ya Wacheki, ambayo leo ni sehemu ya magharibi ya Jamhuri ya Cheki. Katika karne ya 15, makundi ya wasafiri wajulikanao leo kama Waroma yalianza kuingia Ulaya ya magharibi. Mnamo 1423, Sigismund, mfalme wa Hungaria na Bohemia, alilipa kundi mojawapo barua ya kulilinda safarini, na mnamo 1427 Waroma walifika Paris. Wafaransa waliwaita bohémiens, yaani watu wa Bohemia, ilhali Waingereza waliwapa jina lililotokana na Misri. Majina yote mawili yalikosea. Katika miaka ya 1780, wataalamu wa Kijerumani, Rüdiger na Grellmann, walidhihirisha kwamba lugha ya Waroma ina nasaba na lugha za India. Kufikia wakati huo, neno la Kifaransa lilikuwa limekwisha kubeba dharau: mtangatanga, mwizi, mpiga ramli.

Neno hilo liliwafikia wasanii kwa sababu za kiuchumi. Mapinduzi ya 1789 yalivunja ufadhili wa kale wa mfalme, makabaila na Kanisa, na msanii akalazimika kutegemea soko. Vijana wenye elimu walijaa Paris, wakapanga vyumba vya bei nafuu darini, chini ya mapaa. Mnamo 1834, mwandishi Félix Pyat aliwafananisha wasanii wa aina hiyo na bohémiens, na haikuwa kwa kuwasifu. Aliyeligeuza neno kuwa fahari ni Henri Murger, aliyechapisha hadithi zake katika gazeti dogo la Paris kuanzia 1845. Hadithi hizo zilifanywa tamthilia mnamo 1849 na kitabu mnamo 1851, na zikawa msingi wa opera ya Puccini, La Bohème, iliyoonyeshwa Turin mnamo 1896.

Katika dibaji ya kitabu chake, Murger alisisitiza kwamba watu wake hawana uhusiano wowote na wezi na wauaji ambao michezo ya jukwaani iliwaita kwa jina hilo. Hapo ndipo neno lilipokatwa mzizi wake kwa makusudi. Lakini maana ya kale haikufa. Mwaka mmoja tu baadaye, 1852, Karl Marx alilitumia neno hilohilo kwa wazururaji, wachomozi na wafungwa wa zamani waliomuunga mkono Louis Bonaparte. Isitoshe, wakati wasomaji wa Paris walipokuwa wakifurahia umaskini wa wasanii, Waroma wengi wa Moldavia na Wallachia, maeneo yaliyokuja kuungana kuwa Romania, walikuwa bado watumwa. Walikombolewa kabisa mnamo 1855 na 1856. Jina lao lilipata heshima kabla ya wao wenyewe kupata uhuru.

Lugha mbalimbali zimeikabili hali hii kwa njia zake. Kijerumani humtenga mwenyeji wa Bohemia na msanii kwa maneno mawili tofauti. Kicheki nacho huita nchi hiyo kwa jina lake cha asili, na kuliacha neno la kigeni kwa wasanii. Kiingereza huwachanganya wote wawili katika neno moja.

Mfasiri wa Kiswahili naye ana mtihani wake. Akisema "msanii", barabara na aibu yake hupotea. Akisema "mhuni", neno ambalo maana zake ni pamoja na mzururaji na mtu asiyeoa, hupata barabara lakini hupoteza fahari ambayo Murger aliipigania. Pengine suluhisho si neno moja, bali swali moja: je, umaskini unaotajwa ulichaguliwa au ulilazimishwa? Waroma waitwe kwa jina lao. Wazururaji wa Marx waitwe wahuni, maana alikusudia kuwatusi. "Bohemia" libaki kwa msanii wa darini, japo hata kwake uchaguzi huo una mashaka. Murger aliandika kwamba njia ya msanii huyo huishia ama kwenye Akademia, ama hospitalini, ama katika chumba cha maiti. Yeye mwenyewe alifariki hospitalini mnamo 1861, akiwa na umri wa miaka 38.